EliteBook G3 iache na Windows 10, G5 ipandishe

Ukiziweka HP EliteBook 840 G3 na 840 G5 juu ya kaunta ya duka la laptopu za mtumba, iwe Kariakoo au katikati ya Nairobi, mnunuzi wa kawaida hatazitofautisha kirahisi. Zote nyembamba, zote rangi ya fedha, na siku hizi zote zinawaka na Windows 11. Tofauti iko kwenye prosesa. G3 ina Intel ya kizazi cha 6, mara nyingi i5-6300U. G5 kwa kawaida ina ya kizazi cha 8, kama i5-8350U. Kwa Intel, Microsoft inakubali karibu kuanzia kizazi cha 8 tu, kwa hiyo G3 yenye Windows 11 ni mashine iliyolazimishwa: fundi ameruka ukaguzi wa prosesa ili mfumo uingie.

Windows 10 iliishiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hapo ndipo wengi waliposhika fleshi ili kuweka Windows 11. Hofu yao ni ya kweli. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga kompyuta za hospitali za Uingereza, kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama vilimopitia, kilikuwa kimeshatoka tangu Machi. Walioumia ni ambao hakikuwafikia. Ndiyo maana swali la kuuliza kuhusu kompyuta yoyote ni moja: viraka vyake vitaendelea kuingia mpaka lini? Namba 10 au 11 haikujibu hilo.

Windows 11 inatoka kwa matoleo ya kila mwaka, na kwa Home na Pro kila toleo linapewa viraka miezi 24. Toleo la 23H2 lilifika mwisho tarehe 11 Novemba 2025. La 24H2 linaishia 13 Oktoba 2026. Mashine inayokubalika inasogezwa yenyewe kwenye toleo linalofuata. Iliyolazimishwa kwa kawaida haisogezwi. Viraka vya kila mwezi vinaingia vizuri, mwenye mashine anatulia, kisha muda wa toleo unakwisha na hakuna anayembishia hodi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Kama G3 yako inaonyesha 23H2, jirani yako aliyebaki na Windows 10 na kujiandikisha ESU (mpango wa viraka vya ziada) analindwa, wewe hulindwi. Hili ndilo linaloniuma kila nikisikia mtu ameambiwa "nimekuwekea mpya kabisa".

ESU ni mwaka wa ziada wa viraka vya Windows 10, hadi 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, kutoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kuupata bure kwa kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Chukua ya bure, ila zima folda za nyaraka na picha zisipande OneDrive, maana nafasi ya bure ni GB 5 na inajaa upesi. Kompyuta iwe kwenye toleo la 22H2 la Windows 10, nawe uwe umeingia kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Kiungo cha Enroll now kiko Settings, Update & Security, Windows Update. Dirisha likifunguka na kujifunga lenyewe, mashine haijapata kiraka cha Agosti 2025, KB5063709, sasisha kwanza. Akaunti moja inabeba kompyuta 10 za nyumbani. Mwaka huo utumie kutafuta G5, au kuujaribu mfumo wa bure wa Linux Mint kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski.

G5 ni habari nyingine. Ikiwa na RAM ya GB 8 na SSD, ipandishe Windows 11. GB 4 ambazo Microsoft imeziandika zinawasha mfumo tu. Ukifungua kivinjari na Excel pamoja, mashine inaanza kuvuta.

Wengi hukwama mahali pamoja: prosesa inakubalika, lakini PC Health Check, programu ya Microsoft ya kupima kama mashine inafaa Windows 11, inakataa. Fungua msinfo32 uangalie mstari wa BIOS Mode. Ukisoma Legacy, aliyeweka Windows 10 aliiweka kwa mtindo wa zamani, diski ni MBR (mpangilio wa zamani), na Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, haiwezi kuwashwa. Huhitaji kufuta kitu. Kwanza fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status C: uone kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la diski. Ikiwa imefungwa, amri ya manage-bde -protectors -get C: itakupa ufunguo wa tarakimu 48, uandike kwenye karatasi, halafu sitisha ulinzi kwa manage-bde -protectors -disable C:. Anayegusa BIOS (mipangilio ya msingi ya kuwasha mashine) bila ufunguo huo anaweza kujifungia nje ya mafaili yake mwenyewe.

Kisha pima kama diski inaweza kugeuzwa kwenda GPT, mpangilio mpya: andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate. Ikikataa, mara nyingi diski imeshagawanywa sehemu nne, na zana hii inataka zisizidi tatu. Baada ya kugeuza, zima, washa ukigonga F10, ingia Advanced, Secure Boot Configuration, chagua Legacy Support Disable and Secure Boot Enable, hifadhi. HP itakuonyesha tarakimu nne uziandike na kubonyeza Enter. Usipoziandika, badiliko halishiki. Ukiiruka hatua hii utakutana na skrini nyeusi yenye maneno Boot Device Not Found, Hard Disk (3F0), na hapo ndipo watu wanauziwa SSD mpya. Diski ni nzima. BIOS bado inatafuta mtindo ambao haupo tena.

Kupandisha kwenyewe, shusha mara moja. Media Creation Tool inavuta zaidi ya GB 5, kwa hiyo kwa bando ni afadhali uiweke kwenye fleshi ya GB 8 na kuitumia kwa mashine zote. Fungua setup.exe ukiwa ndani ya Windows 10, uchague kubaki na mafaili na programu. Kuwasha kompyuta kutoka kwenye fleshi ni usakinishaji mpya, na huo hauziachi programu zako. Nakala ya mafaili kwenye diski ya nje ni lazima hata hivyo: toleo la Windows 10 la Oktoba 2018 lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji, Microsoft ikalisimamisha baada ya siku chache.

Pima betri pia. Amri ya powercfg /batteryreport inatengeneza ripoti. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Betri ya mtumba ikiwa imeshuka chini ya nusu, usianze jioni ambayo umeme unacheza. Ukikatika katikati, Windows hujaribu kurudi ilikotoka, na si kila mara inafika.

Ukishaingia, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery. Ukiziona chache, amri ya DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60 kwenye Command Prompt ya msimamizi inazifanya 60. Usifute Windows.old kwa kutafuta nafasi, maana ndiyo njia ya kurudia. Siku ya kwanza chapisha kwenye printa ya risiti, skani karatasi moja, fungua programu ya mahesabu ya mwezi uliopita, unganisha projekta. Kimoja kikigoma na mtengenezaji hana kiendeshi cha Windows 11, rudi wiki hiyo hiyo, kisha ujiandikishe ESU.