Kontena Lako Halina Choo, Mzee

Jamani, nimeamka leo alfajiri, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, inauma masikio, nimetoka na mswaki wangu mdomoni, nakuta kontena langu limepigwa X nyekundu na chini yake maandishi makubwa: SIMAMISHA UJENZI. Ujenzi upi? Kontena limekuja zima. Limeshushwa na winchi, limekalishwa juu ya mawe manne, moja kila pembe, nikalipa, winchi likaondoka zake. Kama kuna ujenzi wa kusimamisha basi uliisha zamani huko China, na kibao cha mlangoni kinataja hadi mwezi.

Kwa nini kontena, hilo msiniulize, mnaijua stoo ya mbao. Mwizi anaingilia nyuma, panya chini, mvua juu. Hili la futi 20, tupu tu lina tani mbili na ushee. Mwizi wa kulibeba simwogopi, nitamsindikiza hadi barabarani nimwone alivyo.

Na msidhani nilijiwekea tu kienyeji. Mimi ni mtu wa taratibu. Nilianza kwa mjumbe, akauliza kama nafungua duka. Mwenyekiti alikuwa tayari kugonga muhuri ila wino umekauka, nikanunua wino. Mtendaji akaniandikia barua ya utambulisho, nzuri kabisa, kwamba mimi ni mkazi mwema mwenye nia ya "kujenga kontena". Nikamwambia mheshimiwa, kontena halijengwi. Akasema barua imeshachapwa, mzee, na karatasi za ofisi zenyewe ndiyo hizo zinahesabiwa.

Basi nikavaa koti la harusini, nikabeba bahasha ya kaki: nakala ya hati, kitambulisho, risiti ya kontena na picha mbili za pasipoti ambazo hakuna aliyeziomba, uzoefu tu. Ofisi yenyewe ya vibali siitaji jina, kiwanja changu kiko hukuhuku. Nikakuta kijana safi, sweta limemkaa, hita miguuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Shikamoo ya ofisini ikitoka kwa adabu kiasi kile, jua nyuma yake kuna jambo.

"Jengo lako lina ghorofa ngapi?"

"Ni kontena, mwanangu."

"Naelewa mzee. Ghorofa ngapi? Mfumo hauendi mbele nisipojaza."

"Basi andika la chini."

"Vyumba?"

"Kimoja. Kirefu."

"Choo kiko upande gani?"

Nikameza mate. Nikamweleza taratibu kwamba humo watakaa viazi na saruji, na tangu nizaliwe sijaona kiazi kinaomba ruhusa ya kwenda uani. Mama mmoja kwenye foleni akacheka hadi kitenge kikamdondoka. Kijana hakucheka. Akaandika: choo, hakuna.

"Madirisha? Chumba lazima kiwe na mwanga na hewa."

Hapo alikuwa na hoja, ingawa sikumpa raha ya kujua. Kontena kwenye baridi yetu hii linatoa jasho. Mchana jua linalipiga, usiku bati linapoa, unyevu wa hewa ya ndani unageuka matone darini, na asubuhi magunia yamelowa kana kwamba mvua imenyesha ndani. Fundi alishanitobolea matundu juu, akayaziba kwa wavu. Lakini ningelitamka hilo pale, angeandika ukarabati bila kibali.

"Mhandisi amethibitisha uimara wake?"

"Mwanangu, hili limevuka bahari likiwa limewabeba wenzake kichwani, na wenzake wana mzigo."

"Una barua yake?"

"Ya nani, bahari?"

"Ya mhandisi, mzee."

Tukahamia kwenye bango. Kumbe ukijenga lazima usimamishe bango mbele ya kiwanja, likionyesha mwenye mradi, mchoraji na mkandarasi. Mkandarasi wangu nani? Nikamwambia sijabahatika kuonana naye. Akauliza kama lina namba yoyote. Hapo nikanyoosha mgongo! Namba ninayo, herufi nne na tarakimu saba, imeandikwa mlangoni, ubavuni na hata juu ya paa. Nikamsomea kwa sauti ya mgambo. Akaiandika yote kwenye kisanduku cha namba ya kiwanja.

Mfumo ukakataa. Akanyanyuka, akaingia chumba cha pili kwa mkubwa wake, akakaa huko mpaka mimi nikaanza kuota hita yake. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Mzee, mkubwa anasema hilo halina msingi, kwa hiyo siyo jengo. Ni chombo."

"Ndaga fijo, asante sana! Kwa hiyo nimemaliza?"

"Hapana. Kibali cha chombo hapa hatutoi."

"Kinatolewa wapi?"

"Hakuna, mzee. Hakitolewi."

"Kwa hiyo nikaliweke?"

"Kaliweke tu, mzee. Siyo jengo hilo."

Nimeliweka. Leo X. Nimempigia simu, kapokea vizuri, shikamoo ya kwanza, shikamoo ya pili, kisha ananiambia wanaopiga rangi ni kitengo kingine na wao hutazama majengo tu. Nikamuuliza, sasa mimi nina jengo au nina chombo? Akasema mtandao unakatika. Mtandao gani, na nilikuwa nasikia hita yake inavuma? Mwaka huu natimiza umri wa kuitwa babu na watu wazima, halafu nabishana na rangi!

Kijiweni nako kila mtu ni wakili. Mmoja ananiambia nimeingia hifadhi ya barabara, mita 30 kila upande kutoka katikati, Sheria ya 2007 hiyo, zamani ilikuwa 22.5. Sawa, lakini hiyo ni barabara kuu ya kwenda Tunduma. Kwangu ni kichochoro ambacho bajaji mbili zikikutana, moja inarudi Mbalizi. Mwingine ananishauri nivute umeme humo, ili mita ya LUKU inikate kodi ya jengo ile 1,500 ya kila mwezi, hapo serikali italitambua. Kwa hiyo nilipe kodi ya jengo lisilo jengo ili lipate kuwa jengo la kubomolewa. Huyo ndiyo tunamwita msomi.

Na mbona X haipigwi kwenye lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo? Gunia la viazi lisizidi kilo 100, tunaambiwa kila msimu. Njoo huku wakati wa mavuno ulione lilivyoshonewa kichwa cha pili, limesimama pembeni ya barabara kuu mchana kweupe, hakuna kitengo kinacholiona. Juzi mnunuzi kaja na lori, kashika gunia langu, kalitikisa, kaniangalia kwa huruma: "Mzee, ongeza kidogo kwa juu, hapa pana nafasi." Nafasi iko wapi, na kamba imeshaanza kulia? Nikaongeza ndoo. Akasema na kwa ubavuni, mzee, na kwa ubavuni.