Dola 1,000 kwa jina la marehemu

Ifikapo Mei, shule za sekondari za miji midogo ya Marekani huwaita wazazi ukumbini jioni moja kuwatuza wahitimu. Sehemu kubwa ya jioni hiyo hupita kwa kutajwa marehemu: mwalimu wa hesabu aliyestaafia hapo, mzimamoto wa kujitolea, kijana aliyekufa kwa ajali ya gari kabla hajamaliza shule. Mtu wa familia husimama, husema maneno mawili matatu ambayo mara nyingi humkwama kooni, kisha humkabidhi mhitimu bahasha. Ndani mna ufadhili wa masomo wa dola 500, au 1,000, mara chache zaidi ya hapo, kutoka mfuko ulioanzishwa kwa jina la marehemu huyo.

Wapo wachambuzi wa elimu wanaoiona mifuko hii kuwa ni huzuni njema iliyotumia pesa vibaya. Mwaka mmoja katika chuo kikuu cha umma cha jimboni kwako, ukijumlisha ada, malazi na chakula, unapita dola 24,000; dola 1,000 zitatibu nini hapo? Halafu kuna masharti: awe wa shule hii, asomee ualimu, awe amecheza mpira wa kikapu. Wanasema pesa hizo zingekusanywa pamoja na kugawiwa kwa kipimo cha uhitaji pekee, zingefika mbali zaidi.

Hoja ya udogo ndiyo inayorudiwa sana, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Inachukulia kwamba kijana hushindwa chuo kwa sababu ya zile 24,000 zote. Wengi hushindwa kwa kipande cha mwisho. Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, kiliwahi kuwaondoa madarasani wanafunzi zaidi ya 1,000 kila muhula kwa sababu ya madeni, na miongoni mwao walikuwemo waliodaiwa dola mia chache tu. Ruzuku ya serikali walishaipata, mkopo walishaumaliza, wazazi walishatoa walichokuwa nacho. Mwaka 2011 chuo kikaanza kuwalipia salio hilo. Wastani wa msaada ulikuwa takriban dola 900, na wengi wa waliosaidiwa wakiwa mwaka wa mwisho walihitimu. Dola 900! Ni chini ya bahasha ile ya dola 1,000. Anayeuliza dola 1,000 zitasaidia nini aangalie kwanza ni kiasi gani kinachowarudisha vijana nyumbani.

Kisha kuna suala la nani anamjua mwombaji. Fomu ya taifa ya kuomba msaada wa masomo hutumia taarifa za kodi za miaka miwili nyuma. Baba aliyepoteza kazi kiwanda kilipofungwa mwaka huu bado anaonekana humo ana mshahara. Kamati ya mji mdogo inayogawa ufadhili inajua kiwanda kimefungwa. Inajua pia binti yupi anafanya kazi ya jioni dukani na bado anafaulu. Ni kweli kwamba kujuana huko huko kunaweza kumbeba mtoto wa jina kubwa au nyota wa timu, na kamati isiyo na mtu wa nje huteleza kirahisi. Dawa yake ni kamati pana zaidi. Kuwahamishia kazi watu wasiomjua mtoto hakutibu kitu.

Kinachoniuma zaidi ni kile ambacho chuo kinaweza kufanya pesa zikishafika. Sheria inamtaka mwanafunzi autangaze ufadhili alioupata nje ya chuo, nacho chuo huuhesabu katika mahitaji yake, yaani kiasi kinachokadiriwa kuwa familia haiwezi kukilipa yenyewe. Chukua kijana aliyepewa na chuo ruzuku ya dola 3,000 na mkopo wa dola 5,500, naye analeta dola 1,000 za kumbukumbu. Akiwa tayari amefikia kikomo cha mahitaji yake, lazima kitu kipunguzwe. Chuo kimoja kitashusha mkopo hadi 4,500, na kijana atakuwa amepunguziwa deni. Kingine kitashusha ruzuku yake chenyewe hadi 2,000. Hapo kijana hakupata hata senti. Mjane aliyeuza maandazi na kuchangisha pesa kwa mbio za kilomita tano kila mwaka kwa jina la mumewe ameisaidia bajeti ya chuo, na hakuna atakayemwandikia kumweleza. Maryland lilikuwa jimbo la kwanza kuvizuia vyuo vya umma kufanya hivyo, mwaka 2017; New Jersey, California na mengine yakafuata. Sehemu kubwa ya nchi haina ulinzi huo. Kisha lawama ya kwamba mifuko haina tija huwaangukia wafiwa!

Kuhusu masharti, wakosoaji wana haki. Mwaka 1914 mwanabenki Frederick Goff alianzisha Cleveland Foundation, wakfu wa kwanza wa jamii nchini humo, yaani taasisi inayotunza pesa walizoacha watu mbalimbali kwa faida ya mji wao, akihofia mali kufungwa na matakwa ya watu waliokwishakufa huku dunia ikibadilika. Shule nazo hubadilika: wilaya za shule, zilizokuwa zaidi ya 117,000 kufikia 1940, leo ni kama 13,000. Mfuko uliotaja shule iliyounganishwa na jirani unabaki na pesa bila mtoto wa kumpa.

Hoja yao nzito kabisa ni nyingine. Mji wenye wastaafu wenye akiba una mifuko ishirini. Mji maskini wa jirani, uliozika watu wema vilevile, una miwili. Kwa hili sina jibu la kuwapa. Wajibu wa kuziba pengo hilo ni wa serikali ya jimbo, na hautatimizwa kwa kumwambia mjane wa mji wa kwanza afunge mfuko wake.

Katika baadhi ya miji hii sasa wamo pia watoto wa familia za Kikongo zinazosema Kiswahili nyumbani, waliofika kama wakimbizi. Wazazi wengi huziona fomu za mifuko hii kwenye ofisi ya mwalimu mshauri wakadhani ni mambo ya wenyeji. Sharti kuu kwa kawaida ni kuhitimu shule hiyo, na mtoto wenu amehitimu hapo. Ombeni, tena mapema, kwa maana fomu nyingi hufungwa Machi au Aprili. Naye akishapata, aiulize ofisi ya misaada ya chuo kwa maandishi: mtapunguza mkopo au ruzuku?

Familia inayoanzisha mfuko leo nayo inaweza kujikinga. Mtaji wa dola 25,000, ukitolewa asilimia 4 kwa mwaka, hutoa dola 1,000 kila Mei. Iandikwe kwamba shule ikifungwa, pesa ziwafuate watoto wa eneo lile popote watakaposomea. Na kamati iruhusiwe kuishikilia nusu hadi muhula wa pili, wakati salio la kijana linapojulikana.