Kukosa kirusi sio kuwa na kinga

Mwandishi umeandika vizuri watu wa Dodoma wajitokeze kupima homa ya ini B, ila hapo uliposema ukikutwa huna basi uko salama umetuacha njia panda. Kile kipimo cha kutoboa kidole kinatafuta kirusi, kikitoka kistari kimoja maana yake huna maambukizi, kinga ni habari nyingine. Kinga unaijua kwa kipimo cha kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopambana na kirusi, wanavuta damu ya mshipani na majibu yanakuja kwa namba, ikifika 10 kwenda juu ndo wanahesabu umelindwa, na unapima mwezi mpaka miwili baada ya dozi ya tatu ya chanjo sio kesho yake. Shemeji yangu nesi huku Chamwino kachoma zote tatu, kikadi anacho kimekunjwa nyuma ya kava la simu, kupima akakuta 4, ikabidi aanze upya. Na sisi tuliozaliwa kabla ya 2002 chanjo hii kwenye ratiba ya watoto haikuwepo kabisa. Sisemi kila mtu akapime namba, hela yenyewe iko wapi mwaka huu mtama umegoma, ila manesi na watu wa maabara wanaoshinda na sindano waajiri wawalipie bwana.