Likizo ya Kulipia Jua

Mama watoto ameamua kwamba Julai hii tukapumzike Sharm el-Sheikh, mji wa Misri ulioko ncha ya kusini ya rasi ya Sinai, ambako jangwa linateremka mpaka ukingoni mwa Bahari ya Shamu. Naomba ieleweke kwamba mwamuzi huyo anaishi Tanga. Bahari tunayo, na jua, kwa miezi mingi ya mwaka, tunalo mpaka tunalikimbilia chini ya miembe. Julai ndio mwezi tunaoonewa huruma: kusi inavuma, kipupwe kimetulia, mtu mzima unajifunika shuka huku feni imezimwa na luku inapumua. Mwezi huohuo ndio tuuache, tulipe nauli ya basi hadi Dar es Salaam, ndege hadi Cairo na ndege nyingine juu yake, ili tukakutane na joto la nyuzi 38, na siku likikasirika hupita 40.

"Baba Zuhura, joto la kule ni kavu, halina jasho," nimeambiwa. Ng'onda naye hukaushwa kwa joto kavu, na sijamsikia akilisifu.

Zuhura akaniletea picha kwenye simu. Hoteli imejengwa ufukweni kabisa, kisha hatua chache kutoka baharini wamechimba bwawa la kuogelea, na wageni wamelala pembeni yake chini ya miavuli, wamejipaka mafuta ya kuzuia jua lile walilolifuata. Nilipouliza bahari ina kosa gani, nikaelezwa kwamba matumbawe huanzia karibu na nchi kavu na ni marufuku kuyakanyaga, kwa hiyo mwogaji hupita juu ya gati mpaka penye kina, ndipo ajitose. Mwogaji mwenyewe ni mke wangu, ambaye Raskazone huishia kulowesha vifundo vya miguu, ndara mkononi. Juzi nimemkuta uani amevaa miwani ya kuzamia, uso umo ndani ya karai la kufulia, mrija umechomoza juu na maji yanachuruzika kwenye kanga. Nilipomwuliza chakula kiko wapi, alinijibu kupitia mrija, na mpaka leo sijui alisema nini.

Nilijaribu kutaja kisiwa cha Maziwe, hapo Pangani, ambako matumbawe yapo na nahodha unaweza kumpunguzisha bei kwa Kiswahili. Jibu likawa kwamba Maziwe kila mtu amekwenda. Katika nyumba hii hakuna aliyekwenda. Nikahamia kwenye chumvi: Bahari ya Shamu haiingiwi na mto wowote wa kudumu, mvua ni ya kubahatisha na jua linayafyonza maji mchana kutwa, ndiyo maana lita moja ina takriban gramu 40 za chumvi, ilhali bahari nyingi zina kama 35. Mama mkwe akasema chumvi hiyo itamfaa magoti. Sikujua kwamba naye anakwenda.

Kuna pia safari ya Mlima Sinai, wenye urefu wa mita 2,285. Wageni hutolewa hotelini usiku, wakapanda gizani wakitetemeka kwa baridi, ili wafike kileleni jua linapochomoza. Jua hilohilo hutuchomozea sisi baharini kila alfajiri, na hakuna anayeamka kulitazama isipokuwa wavuvi, nao wana shughuli zao.

Jambo moja tu lilinilegeza: ukishalipia kila kitu, unavishwa bangili ya plastiki na kula mpaka ushindwe. Nilipoinua kichwa kuulizia kama kuna pweza, wakaandika kwamba nimekubali. Kikao kikafungwa hapohapo, mimi nikiwa mwenyekiti na mjumbe pekee wa kamati ya fedha, na wakala ameshatuma ujumbe kutaka malipo ya awali, pamoja na picha zangu za pasipoti ambazo, anasisitiza, nisiwe nimenuna.