Mama wa Owino hana friji

Nimeonyeshwa storibodi, yaani hadithi ya michoro kisanduku kwa kisanduku, ya vijana fulani wa Kampala wanaobuni programu ya simu ya wachuuzi wa soko la Owino kuagizia nyanya. Visanduku sita, vinang'aa kama tangazo la sabuni. Mama muuza nyanya amekaa kando ya friji ya milango miwili, anabonyeza simu, anatabasamu. Kisanduku cha mwisho anatabasamu zaidi. Nikauliza, huyu mama ni wa wapi? "Mwalimu, ndiye tuliyemkuta kwenye kiolezo, ule mchoro wa tayari wa programu ya kuchorea."

Ndiye mliyemkuta! Yaani mteja wetu anachaguliwa na watu wa ng'ambo, sisi kazi yetu kumbadilisha rangi ya ngozi.

Fikra za usanifu ("design thinking"), tunazohubiriwa kila warsha yenye chai na maandazi, huanza kwa kumwelewa mtumiaji. Storibodi ndiyo ya kupimia kama tumemwelewa kweli. Studio ya katuni ya Disney ilipoanza kuitumia miaka ya 1930, michoro ilibandikwa ukutani. Hadithi ikilegea mahali, karatasi inang'olewa kabla pesa hazijateketea. Sasa mchoro uliokwisha rembwa hivi nani atathubutu kuung'oa? Mwonyeshe mtu mchoro wa peni, atakwambia "hapana, mimi sifanyi hivyo." Mwonyeshe kibonzo maridadi, atasifia rangi. Na katika hadithi yao hakuna aliyekwama! Mtandao haukukatika, floti ya wakala wa pesa za simu haikuisha, mvua haikumzuia wa boda, simu ya mama haikuwa ya vitufe. Pale mama anapokwama ndipo penye kazi ya kubuni, na hapo hapana kiolezo.

Haya, nakubali: wewe uko Ntinda, Kampala, mwenzako yuko Gulu kule kaskazini, programu za kuchorea mtandaoni kama Miro au Canva zitawakutanisha, na kisanduku mtakihamisha bila kufutafuta. Sawa. Ila bando lenyewe tangu 2021 lina kodi ya asilimia 12, nanyi mnalimaliza kwa kupakua friji.

Simu si mnazo? Nendeni Owino alfajiri mzigo unaposhushwa. Mwombeni mama ruhusa, mpige picha ndoo zake, daftari la madeni, simu yake iliyofungwa kwa raba. Hizo ndizo mzipange kwenye visanduku vyenu. Halafu mrudishieni azitazame, na kidole cha kufuta kiwe chake.