Kikao cha Kumhamisha Dereva

Mimi ni mtu mzima mwenye leseni ya daraja E, cheti cha mafunzo ya magari makubwa, pasipoti iliyojaa mihuri ya Nakonde, mpakani upande wa Zambia, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ambayo hakuna ofisa aliyewahi kuitilia shaka, na nimekatwa fedha ya turubai. Tena si turubai jipya. Ni turubai ambalo ofisi yenyewe ilinikabidhi likiwa na viraka vingi kuliko kitambaa, nikalitia saini kwa sababu bila saini gari halitoki yadi, na upepo wa Makambako, ambao kila apitaye njia ile anazijua tabia zake, ukaimaliza kazi iliyoanzwa na madereva walionitangulia. Mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara ikaandika: uzembe wa dereva. Upepo haukutajwa popote.

Ningenyamaza, kwa maana mtu mwenye heshima zake hagombani na karatasi. Tatizo ni kwamba karatasi ya mshahara nyumbani kwangu husomwa na mama watoto kabla yangu, naye huisoma kwa umakini ambao ungewafaa sana watu wa mizani ya malori ya Vigwaza. Alipofika kwenye neno turubai aliinua macho, akaniangalia, akaikunja karatasi taratibu, kisha akatangaza kwamba ile kampuni nyingine, ambayo ilinipigia simu nikaijibu kwa maringo kuwa nitafikiria, sasa itafikiriwa na ukoo mzima. Kikao kingekuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Naomba nimtendee haki tajiri wangu, yaani mwenye gari, kabla sijamsema. Nilipofiwa na baba alikuja mwenyewe, akakaa mkekani na watu wengine, akatoa rambirambi ya kueleweka, na mpaka leo mama yangu humtaja kwa jina zuri. Jambo hilo ndilo linalonifunga mdomo kila ninapotaka kumuuliza kuhusu mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe masharti yake kwa maandishi, nami niliwahi kumkumbusha hilo kwa adabu zote, akanijibu: "Nimekukabidhi funguo za gari la mamilioni, wewe unataka karatasi ya nini?" Likizo ya siku 28 nayo ameipatia tafsiri yake. Kwa hesabu zake, siku zote ninazokaa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, nikilala chini ya trela na kuoga kwa maji ya kidumu, ni mapumziko ambayo tayari nimekwisha kuyachukua. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hukatwa kila mwezi bila kuchelewa; safari yake kutoka mfukoni mwangu hadi huko inakokwenda ndiyo yenye foleni.

Basi Jumapili ikafika na wajumbe wakaketi. Alikuwepo mama mkwe, ambaye kwa heshima yake nilivaa shati la mikono mirefu ndani ya joto la Kibaha. Alikuwepo baba mdogo, mstaafu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Alikuwepo shemeji yangu, kaka wa mama watoto, anayeuza vifaa vya simu Mailimoja, ambaye chombo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuendesha ni bajaji ya kukodi. Alikuwepo pia jirani aliyekuja kuazima jiko la mkaa, na ambaye hadi leo sijui ni nani aliyempa kiti.

Shemeji alifungua kikao kwa daftari. Alikuwa amechora jedwali: upande mmoja tajiri wa sasa, upande wa pili kampuni mpya, na katikati mstari ulionyooshwa kwa rula. Akasoma kwa sauti ya mtangazaji kwamba kampuni mpya inatoa mshahara wa mwezi unaotabirika, bima ya afya kwa mke na watoto, magari yasiyozeeka, mkataba wa maandishi, viatu vya usalama na sare yenye mistari inayong'aa gizani. Kwenye sare alikaa muda mrefu. Alitaka kikao kijadili kama dereva akiacha kazi viatu vinabaki kuwa vyake au vinarudi kampuni, na kama vinabaki, je, mwenye mguu wa ukubwa unaokaribiana na wa dereva anaweza kufikiriwa. Nilimwangalia miguu. Mguu wake na wangu ni saizi moja.

Baba mdogo akaomba nafasi. Baba mdogo huwa hajadili ajira, hujadili historia. Tulirudishwa mwaka 1970, tukaijenga reli upya kwa msaada wa Wachina, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, madaraja na mahandaki ya kule Mlimba yote tukayapita kwa miguu, tukafika mwaka 1975 tukiwa tumechoka na chai imepoa. Hoja yake ilikuwa kwamba shaba ninayoibeba kutoka Kongo ilikuwa mzigo wa reli tangu asili, kwamba malori ni wavamizi, na kwamba mtu mwenye busara hahami kutoka kwa mvamizi mmoja kwenda kwa mvamizi mwingine. Tangu Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilipotia saini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo, baba mdogo hashikiki. Alinishauri nisubiri treni. Nilimuuliza kwa unyenyekevu kama ada ya shule nayo itasubiri treni, mama mkwe akakohoa, nikaelewa kwamba nimeanza kuteleza.

Mama mkwe alitaka kujua kwanza magari ya kampuni hiyo yana rangi gani. Aliambiwa ni meupe. Akaonekana kuridhika, kisha shemeji, kwa bidii yake ya kutoacha kitu, akasoma mstari uliofuata: ndani ya kila gari mna kamera inayomtazama dereva usoni, na dereva akisinzia au akipiga miayo kifaa kinapiga kelele na ofisi inapata taarifa. Kimya kikatanda. Mama mkwe akauliza kama kamera hiyo inaendelea kutazama usiku, dereva anapolala humo humo kitandani nyuma ya usukani. Hakuna aliyejua. "Yaani mkwe wangu avue shati mbele ya ofisi nzima?" akasema, akajitanda khanga vizuri kana kwamba kamera ilikuwa sebuleni. Jirani akadakia kwamba binamu yake aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni hiyo na alirudi amenenepa. Shemeji akaandika kunenepa upande wa faida. Mama mkwe akamwamuru akufute, kwa sababu dereva aliyenenepa ni dereva anayepikiwa na mtu, na angependa kujua huyo mtu anaishi mji gani.

Hata hapo tungeweza kufika mahali. Kilichotuvuruga ni kipengele ambacho shemeji alikuwa amekiandika chini kabisa kwa herufi ndogo: hairuhusiwi kubeba abiria wala mzigo wowote binafsi ndani ya kichwa cha gari, wala kusimama nje ya vituo vilivyopangwa.

"Mzigo binafsi ni nini?" akauliza mama mkwe.

Nikamweleza kwa sauti ya upole kwamba ni vitunguu vya Ruaha Mbuyuni.

Ndugu zangu, nimepita Kitonga usiku wa mvua nyuma ya lori lililokosa breki na sikuona nyuso za namna ile. Kwa muda mrefu nilidhani familia hii inaishi kwa mshahara wangu. Jumapili ile niligundua kwamba mshahara ni jambo la pembeni, na kwamba nguzo ya ukoo ni nafasi iliyo nyuma ya kiti changu, mahali ambapo hukaa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula, viazi vya Uyole na mchele wa Mbarali. Baba mdogo, aliyekuwa akinililia treni dakika chache zilizopita, alisahau reli yote akauliza kama hata debe moja la viazi nalo linahesabiwa. Jirani alisimama, akakaa tena. Shemeji, ambaye viatu alikuwa amekwisha kuvivaa moyoni, alipendekeza kwamba gunia moja lifunikwe blanketi, maana gari lenye kikomo cha tani 56 haliwezi kuumbuliwa na gunia la vitunguu. Nilimweleza kwamba gari likiwa limepakiwa hadi ukingoni, gunia lile ndilo hasa litakaloniumbua, na kwamba kamera hutazama blanketi pia. "Hata kitunguu kimoja?" akauliza mama mkwe, na safari hii hakuwa anamwuliza mtu maalumu.

Kura, kama ingepigwa pale, ingenibakiza kwa tajiri wangu hadi kufa, turubai na yote.

Wakati huo wote mama watoto alikuwa kimya akimenya chungwa. Alipomaliza aliuliza swali moja: kampuni mpya inalipa posho kwa safari au kwa siku? Shemeji akapekua daftari mbele na nyuma. Mistari yote ya rula, sare, viatu, unene wa binamu, vyote vilikuwepo, na hilo halikuwepo.

Hapo, nakiri, staha iliniponyoka. Kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe, jamani! Kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000, na hakuna dereva anayelalamikia kilomita. Gari linatembea, mtu anatembea nalo. Kinachotumaliza ni gari lililosimama: kusubiri kupakia, kusubiri nyaraka za wakala wa forodha, kusubiri Tunduma, mpakani na Zambia, ambako tuliambiwa kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019 kingetuondolea kusubiri, kusubiri Kasumbalesa, kusubiri kushusha, kisha kusubiri mzigo wa kurudi. Posho yangu ni ya safari. Safari ikiisha haraka, posho ni ile. Safari ikimeza mwezi, posho ni ile ile, nami nanunua chakula, maji na choo kwa fedha ambayo ilipaswa kufika nyumbani. Tajiri hana haraka kwa sababu siku zangu za foleni hazimgharimu chochote, na mtu hawezi kuharakisha kitu anachopewa bure. Angelipa kila siku ninayosimama, ungeona jinsi nyaraka zinavyoweza kupata mabawa. Nilisema yote haya kwa sauti ambayo haikubaliki mbele ya mama mkwe, nikiwa nimesimama, na kifungo cha shati kimenitoka.

Shemeji akapiga simu pale pale kwa kijana wa rasilimali watu aliyetupa maelezo. Akaweka sauti ya nje. Kijana akasema kwa ustaarabu mkubwa kwamba suala la posho limo kwenye sera. Sera iko wapi? Sera hupewa mtu akishaajiriwa. Na akiajiriwa kisha sera isimpendeze? Kijana akasema hilo nalo limo kwenye sera.

Hata hivyo mama watoto ameamua kwamba nipeleke maombi, ili angalau sera isomwe na mtu anayejua kusoma, yaani yeye. Nimekubali. Lakini ona sasa. Kuondoka kwa tajiri kunahitaji notisi ya siku 28, ambayo yeye, asiyeamini karatasi, ghafla anaitaka kwa karatasi. Deni la turubai lazima liishe kwanza, na ofisi imeligawa kwa miezi. Kampuni mpya inataka barua kutoka kwa mwajiri wa zamani inayosema sina deni. Inataka pia wadhamini wawili, kila mmoja mwenye nyumba, kitambulisho cha taifa na barua ya serikali ya mtaa. Katika kikao chote mwenye nyumba yenye hati ni baba mdogo peke yake, naye amesema anaweza kunidhamini ila dhamiri yake haimruhusu kudhamini malori. Mdhamini wa pili amejitokeza kuwa jirani, kwa sharti kwamba jiko la mkaa lisirudishwe mapema.

Bado kuna picha. Wanataka picha ndogo zenye mandhari ya bluu, dereva akiwa amevaa koti. Nilikwenda studio ya hapa Mailimoja, fundi akaniambia koti la kupigia picha limeazimwa na mwalimu aliyekwenda kwenye usaili, nirudi Alhamisi. Koti langu la pekee ni la harusi yangu, na tumbo lililokuwa ndani yake siku ile limehama bila notisi. Shemeji analo koti. Ameniambia yuko tayari kuniazima, tutaongea tu kidogo kuhusu vile viatu.