Jina la ndani, jina la nje: kanuni moja au orodha ya mkono?

Lengalenga ya soko la Virunga, hapa Goma, ikivuka mpaka wa Barrière Ndogo na kuingia Gisenyi, Rwanda, inaitwa dodo. Mboga ni ile ile, na mama anayeiuza anabadili jina bila hata kufikiri. Programu haina akili hiyo. Ikipeleka `dateNaissance` kwa mfumo unaongoja `date_naissance`, mfumo ule hauulizi. Unaona uga, yaani nafasi ya data yenye jina hilo, haupo, na mara nyingi unaendelea na kazi.

Mradi wowote wa data hapa Goma, uwe wa afya, wa maji au wa kuandikisha kaya, mapema au baadaye unafika kwenye swali hili: majina ya sifa ndani ya programu yageuzwe kuwa majina ya nyuga za nje kwa kanuni moja ya jumla, au kila jina liandikwe kwa mkono? Kila upande una watetezi wake, na kila mmoja ana hoja. Ila uzito wa hoja hizo unabadilika kulingana na nani anamiliki upande wa pili wa waya.

Mitindo yenyewe inajulikana. Java na JavaScript hupenda ngamia, `zoneSante`, kila neno jipya na nundu yake. C# nayo huinua hata herufi ya kwanza, `ZoneSante`. Python na hifadhidata nyingi hupenda nyoka, `zone_sante`. Anwani za wavuti hupenda mshikaki, `zone-sante`. PostgreSQL, hifadhidata mojawapo, ina sababu ya kukataa ngamia: jina lisilofungwa kwa nukuu mbili hushushwa lote kuwa herufi ndogo, kwa hiyo `zoneSante` inakuwa `zonesante`. Anayeng'ang'ania nundu ataandika nukuu katika kila ombi la SQL mpaka achoke.

Hoja kubwa ya watu wa kanuni ni wingi. Fomu ya kaya yenye maswali 140 ikipewa majina ya nje kwa mkono, hiyo ni mistari 140 ya kukosea. Jackson, maktaba ya Java ya kusoma na kuandika JSON (maandishi ambayo programu hutumiana data), inataka mstari mmoja tu, `PropertyNamingStrategies.SNAKE_CASE`. Symfony ya PHP ina kigeuzi cha kuwasha kwenye faili la usanidi. .NET, jukwaa la C#, ilipata `JsonNamingPolicy.SnakeCaseLower` katika toleo la 8, mwaka 2023. Mtu mpya akiongeza sifa kwenye mradi, jina la nje linatoka lenyewe kwa mtindo ule ule. Wanaoogopa kwamba kanuni itapunguza kasi wanaogopa bure: Jackson na .NET hukokotoa jina mara moja na kulitunza.

Lakini kanuni yenyewe ni ipi? Chukua `codeCTCProche`, msimbo wa kituo cha kutibu kipindupindu kilicho karibu na kaya. Gson, maktaba nyingine ya Java, ikiwekewa `LOWER_CASE_WITH_UNDERSCORES`, huchomeka kistari cha chini mbele ya kila herufi kubwa na kutoa `code_c_t_c_proche`. Jackson huhesabu mfululizo wa herufi kubwa kuwa neno moja, lakini haioni pale neno linalofuata linapoanzia, ikatoa `code_ctcproche`. .NET huchungulia herufi ndogo inayokuja nyuma ya P, ikajua neno jipya limeanza: `code_ctc_proche`. Maktaba tatu zimeambiwa zitumie nyoka, zote zimetii, na nyoka ni watatu.

Dawa ni rahisi na haitumiki vya kutosha: andika kifupisho kama neno la kawaida, `codeCtcProche`. Hapo zote tatu zinakubaliana, na safari ya kurudi nayo inapona. Kutoka `code_ctc_proche` hakuna mashine inayoweza kujua kwamba zamani CTC ilikuwa na herufi kubwa tatu. Habari hiyo ilipotea njiani. Namba nazo ni mtego. Kwa Jackson, `adresse2` inabaki `adresse2`, hata kama upande wa pili unangoja `adresse_2`.

Kisha kuna KoboToolbox, mfumo wa fomu za simu, ambayo mashirika mengi ya mji huu hukusanyia data. Jibu moja la fomu likija kwa JSON hubeba mitindo kadhaa kwa pamoja: `_submission_time` yenye kistari mbele, `meta/instanceID` yenye mkwaju na herufi kubwa, `formhub/uuid`, na maswali yako mwenyewe yakiwa na njia ya kundi, kwa mfano `kaya/umri`. Jackson ikiwa kwenye `SNAKE_CASE` huondoa kistari cha mwanzo: sifa `_submissionTime` inatafutwa kwa jina `submission_time`, haipatikani, inabaki tupu. Mkwaju ndio kabisa, hakuna kanuni ya nundu itakayouzaa. Hapa utetezi wa kanuni unaisha, maana hizi si data zinazofuata mtindo mmoja.

Na kukosa si kosa linalopiga kelele. Jackson ya toleo la 2 ikiachwa ilivyo hukataa uga isioufahamu, lakini Spring Boot, fremu ya Java inayoitumia, huuzima ukali huo. Gson huupuuza, na System.Text.Json, maktaba ya .NET, vilevile isipoambiwa vingine. Katika Java, sifa ya aina `int` isiyopata thamani hubaki 0. Fikiria sifa hiyo ni idadi ya wagonjwa wa wiki katika eneo la afya: 0 maana yake hakuna mgonjwa, tupu maana yake hatuna habari. Jina lililogeuzwa vibaya linageuza kutojua kuwa habari njema. DHIS2, programu inayobeba taarifa za SNIS, mfumo wa taarifa za afya wa nchi yetu, ina hata alama ya `zeroIsSignificant` kwa kila kipengele cha data, kusema kama sifuri ihifadhiwe au la. Tahadhari hiyo yote haina maana ikiwa sifuri yenyewe ilizaliwa na kistari kilichopotea. Kwa idadi, tumia `Integer`, inayoweza kubaki tupu, na uachane na `int`.

Watu wa mkono wana hoja nyingine ambayo mimi naiona nzito kuliko wanavyoisema wenyewe: kutafuta. Mfadhili akiandika kwamba `code_ctc_proche` inafika tupu, mtu wa kwanza kufungua msimbo atatafuta maneno hayo hayo. Kama jina limeandikwa, `@JsonProperty("code_ctc_proche")`, analipata kwa sekunde moja. Kama linazaliwa na kanuni, hapati kitu, na anaanza kubahatisha.

Mkono nao haujatakata. Katika lugha ya Go, lebo inayotaja jina la nje ikiandikwa `json: "umri"`, na nafasi moja baada ya nukta mbili, haisomeki, na programu inajengwa bila neno; ni `go vet`, chombo cha ukaguzi cha Go, itakayoigundua. Katika Pydantic, maktaba ya Python, toleo la 2, majina ya nje hufanya kazi vizuri wakati wa kusoma, lakini `model_dump()` bila `by_alias=True` hutoa majina ya ndani. Mwandishi anajaribu kusoma, anaridhika, na data inatoka na majina yasiyotakiwa. Laravel, fremu ya PHP, ina lake pia: uhusiano `zoneSante` kati ya majedwali hutoka kwenye JSON ukiwa `zone_sante` kwa hiari ya Eloquent, sehemu yake inayoshughulika na hifadhidata, ilhali sifa za kawaida hutoka kama safuwima zilivyoandikwa. Aliyedhani hana kanuni yoyote, kumbe anayo.

Kuna mahali ambapo mjadala wa nundu na vistari hauna nafasi hata kidogo. Mkongomani ana nom, post-nom na prénom. Kanuni itageuza `postNom` kuwa `post_nom` bila shida. Mfumo wa nje una `first_name` na `last_name` tu. Post-nom iende wapi? Ikiunganishwa na nom ndani ya `last_name`, lazima wote waunganishe kwa mpangilio mmoja, la sivyo mtu yule yule ataonekana watu wawili kwenye orodha ya ugawaji. Huo ni uamuzi wa watu mezani, na mahali pake ni jedwali lililoandikwa. Ndivyo ilivyo pia ndani ya DHIS2 yenyewe: kinachoitwa `orgUnit` kwenye JSON hukaa katika jedwali la `datavalue` kwenye safuwima iitwayo `sourceid`. Hakuna kanuni itakayolikisia hilo.

Kwa hiyo, kati ya programu yako na programu yako nyingine, mathalani seva na simu za timu ile ile, tumia kanuni, na vifupisho viandikwe kama maneno. Penye mfumo wa mtu mwingine, andika kila jina kwa mkono, hata yale yanayofanana na ya ndani. Tengeneza kitu cha pekee cha mpakani, chenye majina ya nje tu, na kazi moja ndogo inayonakili kutoka huku kwenda kule. Ni mistari mingi, ndiyo. Lakini ni mistari ya kijinga, na mistari ya kijinga huvunjika mahali panapoonekana.

Hata kanuni ikitumika, igandishe. Jaza kitu kimoja kamili kisicho na uga mtupu, kitoe nje, chukua majina yaliyotoka, yapange kwa alfabeti na yaweke kwenye faili ndani ya Git, inayotunza historia ya msimbo. Jaribio lilinganishe kila mara na lishindwe likiona tofauti. Hilo litashika kosa siku maktaba inapobadilishwa, na siku mtu anaposahihisha tahajia ya sifa ya ndani bila kujua kwamba amebadilisha mkataba na watu wa nje. Jaribio hilo hilo lihesabu: sifa 140 zikiingia, majina 140 tofauti yatoke. Kwenye mazingira ya majaribio, uga usiojulikana uwe kosa. Kwenye kazi halisi, uandikwe kwenye kumbukumbu za seva na kazi iendelee.

Urefu nao uhesabiwe. PostgreSQL hukata jina kwenye baiti 63 na kutoa taarifa tu, na njia ya makundi ya Kobo, mikwaju ikiwa imegeuzwa vistari, hufika huko upesi. Shapefile, muundo wa faili za ramani, ni mbaya zaidi: herufi 10. GDAL, maktaba ya kuandika faili hizo, ikiandika `population_totale` na `population_enfants`, ya kwanza hubaki `population` na ya pili huwa `populati_1`. Anayepokea ramani hawezi kujua ipi ni ya watoto. GeoPackage, muundo mwingine wa ramani, haina kizuizi hicho, na programu ya ramani ya QGIS huifungua bila taabu.

Lafudhi za Kifaransa ziondolewe kwenye majina ya nyuga mapema. Herufi é huandikwa kwa U+00E9, au kwa e ikifuatwa na U+0301. Jicho haliioni tofauti. Kompyuta huona majina mawili. Python husawazisha majina ya vigeu, lakini haigusi funguo za kamusi, kwa hiyo `data["prénom"]` inaweza kukataa wakati neno unaliona pale kwenye skrini.

Kubadilisha jina lililokwisha kutoka nje ni kazi ya polepole. `@JsonAlias` ya Jackson husoma jina la zamani na jipya, huku likitolewa moja tu. Usiiondoe mapema. KoboCollect, programu ya simu ya KoboToolbox, hutunza fomu kwenye simu mpaka mtandao upatikane, na simu iliyokaa Masisi bila mtandao itatuma majibu ya fomu ya zamani yakiwa na majina ya zamani. Swali likihamishwa kutoka kundi la `kaya`, `kaya/umri` na `umri` zitafika siku moja, foleni moja. Toleo la fomu limo ndani ya kila jibu, kwenye `__version__`. Hesabu majibu ya toleo la zamani yanayoingia kila wiki, na uliondoe jina la zamani simu zote za timu zikiwa zimekaguliwa na hesabu hiyo imesimama kwenye sifuri.